Ukili wa Mwezi wa Tisa

Siku Najiat alipoposwa, bibi yake, Swaumu binti Issa, hakujishughulisha na habari za mahari. Wazee walikuwa hawajamaliza hata kahawa pale barazani Ng'ambo, mjini Tabora, naye akapenyeza kichwa kwenye pazia, akataka kujua huko Tanga bwana harusi anakofanyia kazi kuna miti gani. Wazee wakatazamana. Mjomba wa bwana harusi Awadhi, ndiye aliyeleta posa, akajibu kwa adabu kwamba kuna minazi, michungwa, na mkonge mwingi uliopandwa mistari kwa mistari. Swaumu akauliza tena kama hiyo minazi hupukutisha majani. Akaambiwa, hapana mama, mnazi ni kijani mwezi wa kwanza na ni kijani mwezi wa saba. Akashukuru, akashusha pazia.

Kule uani alimkuta jirani yake Bi Hafsa akipepeta mchele wa wageni. Akamwambia kwamba mtoto anapelekwa kwenye miti isiyobadili nguo.

"Anakwenda kuolewa na mtu," Bi Hafsa akamjibu, "haendi kuolewa na mti. Tupishe tupike."

Lakini neno lile la miti lilimkaa Swaumu moyoni. Najiat alikuwa amekuja mikononi mwake akiwa na miaka mitatu, na kazi ya Swaumu ilikuwa mikeka, kazi isiyo na pa kumwacha mtoto. Kila mwezi alipokwenda kuchukua ukindu kwa Marcelina, mjane mmoja anayelima kijijini nje ya Kaliua, alimbeba Najiat mgongoni, na alipokuwa mzito akamshika mkono. Basi lilifuata ile njia ya zamani ya misafara iliyokwenda Ujiji, siku hizi ina lami, na pande zote mbili ni pori la miombo. Mtoto alikaa dirishani. Mwezi huu pori lina rangi hii, mwezi ujao limegeuka. Alipokuwa darasa la kwanza alimwuliza bibi yake ni nani anayeipaka miti rangi, na analipwa na nani.

Sasa mtoto huyohuyo, mwenye kazi yake dukani na simu yake mkononi, alikuwa anaondoka. Swaumu alijua jinsi mtu anavyosahau. Yeye mwenyewe sura ya mama yake ilikuwa imeanza kumtoka, akibaki na khanga tu. Aliogopa siku moja Najiat ataulizwa na wanawe kwao kukoje, naye aseme kuna vumbi na maembe.

Kwa hiyo aliamua kwamba mkeka wa harusi hautakuwa na maua wala majina ya maharusi kama ilivyo mikeka mingine ya Ng'ambo. Utakuwa na mwaka. Posa ilikuwa mwanzo wa Desemba na harusi itakuwa Novemba ijayo. Kila mwezi atasuka pima mbili za ukili, ule utepe wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka, kwa rangi ya pori la mwezi ule, na huo ukili utafuatana mwezi kwa mwezi mpaka uishe. Akajiwekea sharti, akalitamka mbele ya Bi Hafsa ili apate shahidi: hatatia rangi ya kukumbuka. Kila mwezi ataliona pori kwa macho yake, achume jani, na rangi aichemshe kufuata jani lile.

Bi Hafsa naye akamkumbusha sharti la nyumba yao, kwa kuwa ndiye aliyekuwa somo wa Najiat na mwenye kuyalinda mambo hayo. Mkeka wa bi harusi hauna kiungo. Mikeka ya kuuza, ukili ukikatika unaunga na kushona. Wa bi harusi unasukwa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, chane mpya ya ukindu ikiingia pale inapokwisha ile ya zamani, kisha unashonwa kwa kuzungushwa uwe kama pipa lisilo na kitako. Haupasuliwi ukatandikwa mpaka siku ya wanawake kukutana, na ndipo watu wanapouona wote kwa mara ya kwanza.

"Na mkasi ninao mimi," akasema Bi Hafsa. "Nikiona kiungo nitawaambia watu."

Swaumu akaanza. Desemba pori lilikuwa limenyeshewa wiki mbili, na kijani chake hakikuwa kimoja. Kulikuwa na kijani cha mninga, kijani cha mtundu, na kingine kipya chenye manjano ndani yake kama kiini cha yai kilichochanganywa na mchicha. Alinunua unga wa rangi sokoni, akachemsha sufuria nne kuipata hiyo moja. Februari kijani kikawa kizito hata chini ya miti pakawa na giza mchana, mbuga ikajaa maji, na kando ya maji majani ya kongwa yakatoa vile viua vyake vya buluu ambavyo mtu hupita akivikanyaga. Alivipa chane mbili nyembamba katikati ya ukili, usizione mpaka uinamie.

Aprili ndiyo iliyomchelewesha. Mvua zilikuwa zinaaga, na pale ambapo njia ya Marcelina inavuka kijito, ng'ombe walikuwa wamekoroga tope. Juu ya tope lile walikuwa wametua vipepeo. Swaumu alishuka kwenye bodaboda kabla haijasimama vizuri. Walikuwa weupe kama karatasi zilizochanwa, manjano kama papai lililoiva, na wadogo wa buluu, kila mmoja kama kifungo cha shati, wote wamekunja mabawa wakinywa maji ya tope kama waumini waliojipanga safu. Dereva akapiga honi. Wakanyanyuka wote, na kwa muda ule hapakuwa na njia wala kijito, palikuwa na mabawa tu, mengine yakimgusa usoni kama pumzi ya mtoto aliyelala. Kisha wakashuka tena palepale kana kwamba hakuna lililotokea. Dereva alisema mama tunachelewa. Swaumu akamwambia aende, yeye atatembea. Alikaa kwenye jiwe mpaka jua likawa kali, akifikiria jinsi ya kumsuka kipepeo. Mwishowe hakumsuka. Alichukua chane nyeupe na za manjano, akazipitisha kwenye kijani bila mpangilio, moja hapa, mbili kule, na kwa mwenye kuusogeza ule ukili mkononi zilionekana zinaruka.

Mwezi wa sita nyasi zikawa dhahabu. Wa saba, kwenye baridi ile ya asubuhi, majani yakageuka rangi ya asali, kisha rangi ya chai ya rangi, na yakaanza kudondoka moja moja yakizunguka. Mwezi wa nane watu walichoma pori. Swaumu aliona ardhi nyeusi na miti mitupu ya kijivu, na hata hapo aliona uzuri, maana kwenye weusi ule mizinga ya nyuki ya magome iliyotundikwa matawini ilionekana yote, iliyokuwa imefichwa na majani mwaka mzima. Akasuka kijivu na nyeusi, na chane za kahawia za mizinga.

Siku nne baada ya kumaliza pima hizo aliteleza bafuni, kifundo cha mguu kikavimba kama embe. Daktari akamwambia asitoke kwa wiki tano. Alihesabu kwa vidole akaona mwezi wa tisa wote unampita.

Marcelina alikuwa na simu ya tochi, na ilikuwa imekufa tangu Julai. Swaumu akamtuma kondakta wa basi na maneno: mwambie alete mzigo wa ukindu kama kawaida, na ndani yake afunge majani ya pori lilivyo sasa. Marcelina akafanya hivyo. Basi lile lilipofika Urambo likaharibika, mzigo ukalala kwenye buti siku mbili juani. Ulipofika Ng'ambo, Swaumu alifungua fundo la kitambaa na kukuta majani madogo yamejikunja, rangi yake kutu. Kutu ya sufuria iliyosahaulika nje. Aliyageuza huku na huku. Akayaweka kwenye maji, hayakubadilika.

Najiat alikuwa ametoka kazini, amekaa mkekani akila mihogo.

"Bibi," akasema, "mbona mimi nakumbuka mwezi wa tisa ni mwekundu? Mwekundu mpaka unaogopa."

"Unakumbuka wewe," Swaumu akamjibu. "Jani halikumbuki. Linasema lilivyo."

Najiat akasema huenda yameharibika njiani. Bibi yake akamwambia majani ya mwezi wa tano yalikaa naye siku tatu bila kubadilika, na kwamba mvua za mwaka huu zilikuwa kidogo, labda pori limekosa nguvu. Yeye pia alikumbuka wekundu. Aliukumbuka wa miaka sitini. Lakini sharti lilikuwa sharti, na alijua kwamba akianza kupaka anavyokumbuka, mkeka utakuwa wa mwaka wowote, hautakuwa wa mwaka ule mtoto alioondoka. Akachemsha kutu. Akasuka pima mbili za kutu, mguu umewekwa juu ya kigoda, na kila alipozitazama moyo ulikuwa mzito. Alilihurumia pori.

Oktoba ilipoanza, daktari alimruhusu kutembea kwa fimbo. Wiki sita zilikuwa zimebaki. Najiat aliomba ruhusa dukani, wakapanda basi la asubuhi wote wawili, mara ya mwisho kabla Najiat hajawekwa ndani kama bi harusi. Swaumu alimwachia dirisha kwa mazoea. Walipopita mashamba ya tumbaku na pori likaanza, Najiat akatoa uso dirishani. Akaegemea nyuma ili bibi yake aone.

Pori lilikuwa jekundu. Wekundu wa maji ya choya, yaani rosela, na nyuma yake wekundu wa shaba, na mahali pengine waridi kama kiganja cha mtoto mchanga, kilima baada ya kilima, hakuna tone la mvua lililoanguka tangu Aprili na bado miti imechipua hivyo kutoka kwenye majivu. Jua lilikuwa nyuma yake na kila jani lilipitisha mwanga. Hapa na pale mninga ulisimama bila jani hata moja, umechanua manjano mwili mzima. Abiria walikuwa wanasinzia. Mtu mmoja alikuwa anaangalia mpira kwenye simu. Swaumu alitamani kuwaamsha wote.

Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ncha ya ushungi. Kisha ndipo akakumbuka zile pima mbili za kutu.

Alipofika kwa Marcelina hakungoja hata kukaribishwa. Marcelina alimwamkia, shikamoo dada, yeye akaitika marahaba huku akinyoosha fimbo kuelekea juu ya mti. Alitaka kujua ni majani gani aliyotumiwa. Marcelina akasema ni hayohayo. Akavuta tawi, akachuma kichipukizi chekundu, akamwekea kiganjani. Kilikuwa laini kama ngozi ya juu ya maziwa. Wakaingia kunywa uji, na walipotoka kile kichipukizi kilikuwa kimejikunja, kahawia, kimekufa.

"Haya ni machanga, dada. Hayasafiri," akasema Marcelina. "Ungeniuliza."

"Simu yako imekufa."

"Basi ungemwuliza huyu." Akamwonyesha Najiat kwa kidevu. "Amekua akiyatazama."

 Swaumu alikuwa amesuka mwaka mzima kwa hofu kwamba mtoto atasahau, na mtoto alimwambia sawasawa, naye akaliamini jani lililokufa. Alimtazama Najiat. Msichana alikuwa anakung'uta vumbi viatuni, hana habari kwamba ameshinda.

Jioni ile walizungumza la kufanya. Kufumua haiwezekani, ukindu uliotiwa rangi na kukauka hukatika. Kuikata ile kutu na kuanza upya tangu mwezi wa nane ni kuweka kiungo, na mkasi uko kwa Bi Hafsa. Swaumu aliazima simu ya jirani wa Marcelina akampigia. Bi Hafsa akamshauri aiache kama ilivyo, aendelee na Oktoba, kwa sababu huko Tanga nani atajua?

"Najiat atajua," akasema Swaumu.

"Basi umeshajijibu. Unamaliza salio la watu."

Usiku huo Swaumu alilala akijua. Kutu itabaki, kwa kuwa ilisukwa. Na wekundu utakuja baada yake, chane moja moja, ukiingia kwenye ukili ulio hai bila kukatwa popote. Mkeka utazidi kipimo, na uzidi. Ila rangi ile haiwezi kubebwa mpaka Ng'ambo. Lazima ichemshwe palepale.

Asubuhi waliinjika sufuria tatu chini ya mti wenyewe. Wekundu wa dukani ulikuwa wa bendera, ukipiga kelele. Swaumu akaongeza zambarau kidogo, ikawa damu, akaimwaga. Akajaribu kwa majani ya chai, ikapoa. Najiat alishika tawi juu ya mvuke, jani likiwa bado mtini, na bibi akalinganisha chane iliyotoka sufuriani na jani, chane na jani, mpaka mchemsho wa tano. Hapo Najiat akasema ndiyo hii, na safari hii Swaumu akachukua neno lake bila kuuliza. Wakaanika ukindu kwenye kamba kati ya miti miwili. Saa nne hivi, joto lilipopanda, wakatokea vipepeo. Haikuwa kama Aprili, walikuwa ishirini, labda thelathini, wa rangi ya chungwa wenye ncha nyeusi, katika nchi ambayo haikuwa na maji popote. Walitua kwenye zile chane zilizolowa wakanyoosha ndimi zao nyembamba kunywa. Kamba nzima ikawa inapumua, ikifungua na kufunga. Marcelina, aliyezaliwa hapo, aliweka jembe chini. Hakuna aliyesogea mpaka ukindu ulipokauka na wageni wale wakaenda zao.

Walirudi na mzigo, na zile wiki zikawa fupi. Swaumu alisuka wekundu pima mbili, akauingiza kwenye kutu polepole, chane moja kwanza, halafu mbili, halafu zote. Akamalizia Oktoba na mwanzo wa Novemba kwa shaba inayogeukia kijani, kama miti ilivyokuwa inafanya. Najiat alipowekwa ndani walishona pamoja, mmoja anashika, mwingine anapitisha sindano, na kazi ilipokwisha lile pipa la mkeka lilisimama kwenye kona likifika kifuani, linaonyesha upande mmoja tu.

Siku ya wanawake ukumbi ulikuwa ni uani kwa Swaumu, turubai juu, mvua ya kwanza imekwisha kunyesha alfajiri. Shangazi wawili wa Awadhi walikuwa wamekuja kutoka Tanga. Bi Hafsa aliuzungusha mkeka mikononi, akapitisha vidole kwenye ukili raundi kwa raundi akitafuta kiungo, na wanawake wakangoja. Hakukipata. Akatoa mkasi, akapasua kutoka juu hadi chini, na akina mama wakaushika pembe nne wakautandaza.

Mtu akavuta pumzi. Kijani cha masika kilianza upande mmoja na kuzama, kikapita vipepeo vyake, kikatokea kwenye dhahabu na asali, kikashuka kwenye majivu. Halafu kutu. Halafu, kando ya kutu ile, wekundu ulikuwa unawaka kuliko ulivyowaka kwenye kamba. Mwanamke mmoja aligusa kuona kama una joto.

Bi Hafsa akaupima kwa shubiri, akatangaza kwamba umezidi kitanda.

"Hamna neno," akawaambia wale shangazi. "Nyie watani wetu mna mbao nyingi. Mtaongeza kitanda." Uwanja mzima ukacheka, nao wakajibu kwamba Wanyamwezi tangu zamani hawajui kufunga mzigo mdogo.

Shangazi mkubwa alikuwa amepiga magoti, akiutazama kwa makini. Aliweka kidole pale kwenye kahawia isiyo na uhai, akauliza hii rangi ni ya nini, maana zingine zote zinapendeza. Swaumu angeweza kusema ni udongo, au magome. Wangemwamini.

"Hapo niliumwa," akasema. "Nilisuka kwa jani la kuletewa. Mtoto aliniambia nimekosea na sikumsikiliza."

Najiat, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha bi harusi na hina mpaka viwiko, akashuka. Hakupaswa kushuka, na Bi Hafsa alikohoa kumwonya, lakini alishuka, akakaa mkekani juu ya ile kutu hasa, akakunja miguu. Akamshika mkono shangazi wa mume wake, akaupeleka mwanzo kabisa wa ukili.

"Hii Desemba," akasema. "Uyoga unaanza kutoka. Na hapa Februari inama uone, kuna maua ya kongwa."

Akaendelea naye hivyo, mwezi kwa mwezi, akimweleza ng'ombe wanapovuka, tope lilipo, nani huchoma pori na kwa nini mizinga huonekana Agosti. Swaumu alisimama nyuma yao akiegemea fimbo, sahani ya ubani mkononi, akisikiliza. Msichana alichanganya mwezi wa sita na wa saba. Bibi yake alifungua kinywa, kisha akakifunga, akamwacha aendelee.